Sheria Niliyoiandika Imemkataa Wifi Yangu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, na ukiweza unisaidie upesi, maana naandika hii binti yangu akiwa amelala mapajani na mkono mmoja tu ndio ulio huru, akiamka barua itaishia hapo hapo utakapoona imeishia. Binti yangu bado mchanga, ndio kwanza anajifunza kukaa, lakini nyumbani tunamwita Bosi kwa sababu ratiba yote anapanga yeye, anayelala ni yeye na tunaonyata ni sisi. Tatizo langu si Bosi. Tatizo langu ni wifi, na ninaposema wifi namaanisha dada wa mume wangu, si ile ya intaneti, ingawa kwangu mimi zote mbili ni sawa tu, ikikatika yoyote kazi imelala.

Mimi sikusoma sana, niliishia sekondari, kisha nikachukua kozi fupi ya kutengeneza tovuti, na sasa naitunza tovuti ya zahanati moja ya watoto, naifanyia kazi hapa hapa nyumbani. Ni tovuti ya kawaida, mzazi akiifungua anaona chanjo ni siku gani, kupima uzito ni saa ngapi, chumba kipi. Wifi yangu anafanya kazi kwenye zahanati hiyo hiyo, ndiye anayekaa dirishani pale mapokezi, na ndiye anayeingiza matangazo kwenye mfumo niliouunda mimi. Mchana akitoka kazini hata viatu hajavua anamchukua Bosi, anambeba mgongoni, anazunguka naye uani akimsimulia, "Haya Bosi, sikia vituko vya dirishani leo," na mimi ndipo ninapopata kukaa kwenye kompyuta. Bila yeye mimi si mfanyakazi, ni mama tu aliyekaa karibu na kompyuta.

Nikuambie na hili, maana usipolijua hutanielewa. Wifi alikuwa ameolewa, na mume akamrudisha kwao akasema hamtaki, akasema mbele ya watu, wazi wazi, "nimemkataa." Tangu hapo anaishi chumba cha uani hapa kwetu, hatujawahi kumuuliza na yeye hajawahi kusimulia, tunapita pembeni ya jambo hilo kama watu wanavyopita pembeni ya mtu aliyelala.

Sasa yaliyotokea. Wiki chache nyuma wifi aliingiza tangazo la chanjo kwa simu. Chanjo ilikuwa saa mbili asubuhi, naye akaandika 2:00, kama ambavyo wengi wetu tungeandika, saa mbili si ni saa mbili. Lakini kompyuta haijui kuwa sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza, kwake 2:00 ni usiku wa manane, basi tovuti ikatangaza kwa herufi nzuri kabisa: Chanjo ya watoto, saa nane usiku. Watu walicheka, kuna aliyeuliza kama tumeanza kuchanja popo. Ila kuna mama mmoja hakucheka, alisoma akajisemea hapo kwenye usiku wamekosea, watakuwa wamemaanisha mchana, akaja saa nane mchana na kichanga chake kwenye jua lile, akakuta mlango umefungwa na wauguzi wameshaondoka, akakaa kwenye ngazi akalia, tena aliyelia ni mama, mtoto alikuwa amelala.

Daktari wetu mkuu, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, akaniita. "Mwanangu," akasema, "sitaki kujua nani kaandika. Nataka isiwezekane tena."

Nikaenda kuangalia nikaona mwenyewe ufa uko wapi. Sheria ya saa ilikuwepo, ila niliiweka kwenye fomu ya kompyuta ya mapokezi tu, pale mtu anachagua saa na saa za usiku hazimo. Fomu ya simu haikuwa na sheria hiyo, na lile jedwali la mwezi mzima ambalo muuguzi mkuu hulipandisha kwa mkupuo halipiti kwenye fomu yoyote. Ni sawa na nyumba yenye geti na kufuli kwa mbele, na nyuma hata ukuta hakuna. Basi nikaichukua ile sheria nikaishusha hadi kwenye modeli. Modeli, mshauri, ni kule ndani kabisa ambako mfumo umeelezwa tangazo la kliniki ni kitu gani: kina siku, kina saa, kina chumba, saa yake iwe saa ya kazi, na nafasi ya chumba isiachwe tupu. Sheria ikikaa kule, uje kwa fomu, uje kwa simu, ushuke na bomba la mvua, utaikuta, kwa sababu haikai mlangoni, inakaa kwenye kitu chenyewe. Nilijaribu njia zote, zote zikagoma kupitisha saa ya popo. Nilimnyanyua Bosi nikacheza naye, nikamwambia mama yako ni fundi.

Kilichobaki ni maneno ya kumwambia mtu mfumo unapogoma. Nilitaka kuandika "Ingizo lako limekataliwa," lakini kwenye kioo cha simu likawa refu, likakatika katikati, na Bosi alikuwa ameshaanza kulia, nikafupisha. Nikaandika neno moja, kwa rangi nyekundu: UMEKATALIWA.

Nadhani umeshaona, mshauri. Mimi sikuona.

Asubuhi yake foleni ilikuwa ndefu, muuguzi akapita akamwambia wifi kupima uzito kumesogezwa hadi saa tatu. Wifi akaegemeza simu kwenye kioo cha dirisha, akaandika 3:00. Nyekundu. Akafuta, akaandika tena. Nyekundu. Na baba mmoja aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni akachungulia akasoma kwa sauti ya mnadani, "Eh dada, pole, umekataliwa! Tena mara mbili! Huyo achana naye, tafuta mwingine!" Benchi zima likaangua kicheko. Hakujua, yule baba, alikuwa anatania tu. Wananiambia wifi naye alicheka. Akafanya kazi mpaka mwisho, akafunga dirisha, akarudi, na nilizisikia ndala zake zikipita mlangoni kwetu zikaenda moja kwa moja uani. Bosi alikuwa ameshanyoosha mikono.

Nilimfuata, Bosi mkononi. Nikagonga.

"Wifi, nifungulie."

"Nimelala."

"Umelala unajibu?"

Nikausogelea mlango.

"Wifi, ile ni kompyuta tu, haina akili."

"Kompyuta haikuandika yenyewe. Kalamu ni yako."

"Sikukukusudia wewe."

"Ulimkusudia nani? Anayeandika matangazo pale ni nani mwingine, yule popo?"

Nikataka kucheka, nikaona si mahali pake. Bosi akaisikia sauti yake, akaanza kuupiga mlango kwa kiganja, pa, pa, pa. Wifi akasema kwa ndani, taratibu, "Mwambie Bosi shangazi yake kichwa kinamuuma." Tangu siku hiyo anatoka alfajiri na kurudi kimya kimya. Tukikutana uani ananisalimia vizuri, vizuri mno, kama mgeni.

Na mambo yakaendelea kuharibika. Juzi alitaka kusahihisha herufi moja tu kwenye tangazo la zamani, mfumo ukamgomea kwa sababu tangazo lile halina chumba, na halikuwa na chumba kabla sheria haijazaliwa, sasa kosa la zamani amelilipa yeye leo, tena kwa neno lile lile jekundu.

Mume wangu anasema, "Si umpe dada njia yake? Akaunti yake isikaguliwe, basi. Yule ni dada yangu, si mwizi."

Nikamuuliza, "Na akiandika 2:00 tena?"

"Utarekebisha wewe. Kwani wewe unalala?"

Yeye alicheka. Mimi nilikwenda kuanika nepi.

Mshauri, hiyo njia ya pembeni ni mstari mmoja tu, unaiambia modeli ukiona ni akaunti hii usikague, pitisha. Nimeshauandika. Uko kwenye kompyuta hapa mbele yangu, sijauhifadhi. Nikiuhifadhi namrudisha wifi lakini naona ngazi za zahanati na yule mama, nisipouhifadhi sheria yangu ni safi na nyumba yangu imepoa kama jiko la jana, na Bosi kila akisikia ndala anageuza shingo, na mimi sijui nishike lipi, nauliza tu, mtu anaweza kuwa na sheria na wifi kwa pamoja au ni lazima uchague kimoja, nijibu tafadhali, Bosi ameanza kujinyoosha na nilitaka pia nikuulize kama

*

MSHAURI ANAJIBU

Mama Bosi, barua yako imeishia hapo hapo uliposema itaishia, na hapo ndipo nilipokuamini yote uliyoyaandika. Pole. Pole ya mkono mmoja na pole ya mlango uliofungwa. Mimi pia ninaye wangu, amelala hapa, ndiyo maana nitakujibu kwa ufupi na kwa kunong'ona.

Futa huo mstari. Usiuhifadhi, usiuweke akiba, ufute. Sheria yenye tundu la kumpitisha wifi ina tundu la kumpitisha popo, na yule mama wa kwenye ngazi hatauliza tangazo liliingizwa na akaunti ya nani. Uliishusha sheria kule ndani ili isiwe na mlango wa nyuma, halafu unataka kuutoboa wewe mwenyewe kwa mapenzi? Na hebu jiweke mahali pa wifi. Siku atakapogundua kwamba wote wanakaguliwa isipokuwa yeye, ataelewa nini? Ataelewa kwamba mmemwona hawezi, mkaamua kumwacha tu. Hiyo ni kumkataa mara ya tatu, kwa upole.

Mumeo mwambie hivi: swali la "kwani wewe unalala" huulizwa na mtu aliyelala. Kama anamhurumia dada yake, na iwe hivyo, kuanzia kesho mchana ambembeleze Bosi yeye.

Sasa nikugombeze, kidogo tu. Uliandika mwenyewe bila kuona. Ulitaka kusema "limekataliwa," ukasema "umekataliwa." Limekataliwa ni ingizo. Umekataliwa ni mtu. Uliihamisha sheria kutoka mlangoni ukaiweka kwenye kitu, kazi nzuri, sina neno. Halafu ujumbe ukautoa kwenye kitu ukamvika mtu shingoni, mbele ya foleni. Sheria yako haikuwa na ugomvi na wifi. Ugomvi wake ulikuwa na 3:00. Mtoto akichovya mkono kwenye uji wa moto unamwambia uji ni wa moto, humwambii wewe ni mbaya. Hilo unalijua, unalifanya kila siku kwa Bosi. Kwa nini wifi asipate lugha ile ile?

Na la pili. Mfumo wako ulijua kukagua kabla haujajua kusikiliza. Dada wa watu ameandika saa tatu kama alivyoambiwa na muuguzi, muuguzi kasema kama alivyofundishwa na mama yake, na zahanati nzima inaishi kwa saa hizo. Ni kompyuta peke yake ndiyo mgeni, na mgeni hawakaripii wenyeji. Kwenye simu weka maneno ambayo watu wanayo mdomoni: asubuhi, mchana, jioni. Aandike tatu, achague asubuhi, na kule kule kwenye modeli, kabla ya kukagua chochote, saa hiyo igeuzwe iwe ya kompyuta. Kugeuza kwanza, kukagua baadaye. Ukifanya hivyo kule ndani, simu, fomu na hata jedwali la muuguzi mkuu vyote vitasema lugha moja, na utaona makosa mengi hayakuwa makosa, yalikuwa Kiswahili.

Yale matangazo ya zamani yasiyo na chumba, yasafishe. Keti uyajaze, yale yaliyopitwa na wakati yaondoe yasionekane. Usimwachie mtu wa dirishani alipe madeni ya kabla ya sheria. Anayeleta sheria mpya ndiye anayefagia njia yake.

Hayo yote ni ya mikono, nawe una mikono, au mmoja na nusu. Sasa lililo gumu.

Nenda kwa wifi. Usiende kueleza. Ukimtajia modeli nitajua, sijui kwa vipi lakini nitajua. Usimwambie "kompyuta haina akili," umeshamwambia akakujibu, na alikujibu sawa: kalamu ni yako. Mwambie, "Wifi, niliandika neno baya na nimelitoa." Basi. Na hakikisha kweli umelitoa kabla hujagonga. Lile la ndoa yake usiliguse hata kwa huruma. Anajua kwamba unajua, na kukaa kwenu kimya muda wote huo ni heshima mliyompa, msiivunje leo kwa sababu mna haja ya yaya.

Ndiyo, nimesema yaya. Jichunguze hapo kidogo. Barua yako ina ndala zake, mgongo wake, mikono yake ya mchana. Najua unampenda, imejaa kila mstari. Lakini yeye anajua? Au anajua tu kwamba asipokuja kazi yako inalala? Siku utakayogonga, kompyuta iwe imezimwa, na aione imezimwa.

Kisha mwombe kitu kimoja. Mwombe aandike yeye yale maneno ya kwenye simu.

Nisikilize kabla hujakunja uso. Kazi ya wifi yako pale dirishani ni nini? Ni kuwakatalia watu kutwa nzima. Chanjo imeisha, daktari hayupo, leo si siku yako mama, karatasi ya mtoto iko wapi baba. Na foleni inarudi kesho yake, tena inatania. Muulize, "Wifi, mama akija siku isiyo yake, unamwambiaje?" Atakavyojibu, andika hivyo hivyo, na usimsahihishe. Mfumo wako wote unajua kusema hapana; ni yeye anayejua kuisema mtu asiondoke akilia.

Mimi nabahatisha tu, ila nadhani neno atakalokupa litakuwa fupi kuliko lako, na litaenea kwenye kioo cha simu bila kukatika. Watu wetu wakimuuliza mtu kama ameolewa, amejaliwa mtoto, nyumba imekwisha, hata kama hakuna dalili ya kitu, mtu hajibu hapana. Anajibu bado. Hakuna aliyedanganywa na hakuna aliyefungiwa mlango. Bado, saa haijakaa sawa. Bado, chumba hakijajazwa. Sheria imesimama pale pale, haijalegea hata unywele, lakini aliyeshika simu ameachiwa mahali pa kurudi.

Basi nenda leo, mchana, na Bosi mkononi, na usimzuie akitaka kuupiga mlango, yeye anajua kugonga kuliko wewe. Huenda usifunguliwe. Sikuahidi. Utarudi, mumeo atakuwa sebuleni, atainua macho akuulize, "Vipi, amekataa?"

Mama Bosi, jibu unalo.